Barua ya wazi kwa wajumbe wa bodi ya asasi yetu ya elimu, Kigoma Ujiji

Mheshimiwa Mwenyekiti, Makamu Mwenyekiti, Mama Mweka Hazina, Sheikh, Baba Mchungaji na wajumbe wote,

Asalaam aleikum kwa ndugu zangu Waislamu, Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu zangu Wakristo, na kwa wote mlionitangulia kuzaliwa, shikamooni.

Mnanifahamu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na tangu nistaafu ni mwezeshaji wa darasa la jioni la asasi yetu pale Kibirizi. Jina la asasi siliandiki hapa. Ninyi mnajijua, na wengine watakaoisoma barua hii wataona wenyewe kama bodi zao zinafanana na yetu. Nimeiandika hadharani kwa sababu asasi hii inaomba fedha kwa jina la watoto wa mialo (fukwe ambako wavuvi hushushia samaki) ya Kibirizi na Katonga na akina mama wa Ujiji, na wao ndio wenye haki ya kwanza ya kujua inavyoongozwa. Haya nimeshayasema ofisini kwa mdomo na kwa maandishi. Nilijibiwa kwamba yamepokelewa, lakini hayajafika mezani kwenu.

Ninalotaka kusema ni hili: bodi yetu haiongozi asasi, inaidhinisha yaliyokwisha kuamuliwa. Wala hilo halitokani na ubaya wa watu wake, maana wengi wenu nawajua kwa miaka mingi na najua mioyo yenu. Linatokana na namna bodi inavyoitwa, inavyoletewa makaratasi, na viti vyake vilivyogawiwa. Yote hayo yako mikononi mwenu, na hayahitaji ruhusa ya mfadhili wala ya wizara.

Kikao cha bajeti kilichopita niliitwa kuandika muhtasari kwa kuwa karani alikuwa na ruhusa. Kilipangwa saa nne asubuhi katika ukumbi wa hoteli, Mwanga hapa mjini. Kilianza karibu saa sita, akidi ilipotimia kwa kumuunganisha kwa simu mjumbe aliyeko Dar es Salaam. Kila mjumbe alikuta kabrasha lake mezani, nene, limeandikwa kwa Kiingereza kuanzia jalada mpaka majedwali ya mwisho. Hakuna aliyekuwa ameliona kabla ya asubuhi hiyo. Nilikaa nyuma ya yule mzee wetu wa Ujiji tunayemheshimu sote, aliyetoa uwanja wa nyumba yake ili darasa la kwanza lianze. Alivaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa katikati, akavua miwani, akalifunga kabrasha na kuweka mikono yake miwili juu yake. Hakulifungua tena. Mkurugenzi akaeleza bajeti kwa Kiswahili, kwa kifupi, picha zikipita ukutani. Mwenyekiti, uliuliza kama kuna lolote. Mjumbe mmoja akauliza kuhusu mafuta ya gari, akajibiwa. Mwingine akasema tuipitishe maana muda umekwenda na chakula kiko tayari. Ikapita.

Muhtasari uliotoka ofisini baadaye unasema wajumbe "walijadili kwa kina". Rasimu niliyoiandika mimi haikuwa na maneno hayo.

Namfikiria sana mzee yule. Ni mtu aliyesuluhisha migogoro ya mirathi na ya mipaka Ujiji kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Ukimsomea jambo kwa Kiswahili, atakuuliza swali litakalokufanya urudi nyumbani kufikiri. Tumemweka kwenye bodi kwa ajili ya akili hiyo, kisha tumempa karatasi ambazo haziwezi kuifikia. Na mambo yakiharibika, jina lililoandikwa kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali ni lake na yenu, si la aliyeandaa kabrasha.

Ujiji imekuwa ikizungumza Kiswahili tangu enzi za misafara. Hata mahakama, ambazo kwa miaka mingi kumbukumbu na hukumu zake ziliandikwa kwa Kiingereza, zimeelekezwa kwenye Kiswahili tangu Bunge liliporekebisha sheria mwaka 2021. Sisi tunaofundisha watu kusoma na kuandika Kiswahili ndio tungekuwa wa kwanza. Najua jibu la ofisi: mfadhili anataka Kiingereza. Mfadhili apewe cha kwake. Bodi inahitaji kurasa chache za Kiswahili zinazosema fedha gani zinaingia na kwa masharti gani, zinatumikaje, darasa gani linafunguliwa na lipi linafungwa, nani anaajiriwa na kwa mshahara gani. Zimfikie mjumbe nyumbani kwake siku saba kabla ya kikao. Kwa mji wetu huu, bodaboda mmoja anazigawa zote asubuhi moja. Mwenye macho yaliyochoka atasomewa na mjukuu wake, na atakuja kikaoni akiwa na maswali.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya taratibu tu, watoto wanasoma, tuache. Ndiyo maana nataka niwaeleze jambo moja la darasani kwangu kwa kirefu.

Wavulana wengi wa darasa langu ni wa mwaloni. Mnajua dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki vizuri, vyombo vinapumzika ufukweni na watu wanashona nyavu. Kwa hiyo siku za giza, mtoto wa miaka kumi na mitatu anayetoa maji kwenye mtumbwi usiku na kubeba makasha alfajiri hawezi kuwa mbele yangu saa kumi na moja jioni. Ama amelala, ama ameshashuka ziwani. Dada yake naye siku hizo yuko kwenye chanja na mchangani anageuza dagaa ili wakauke kabla jua halijazama. Mwezi ukipevuka, wote wanarudi. Ukifungua rejista yangu utaona mahudhurio yakijaa na kupungua kila mwezi kwa mpangilio uleule. Sheikh, wewe unayeutafuta mwezi kila mwandamo, ukiitazama rejista ile mara moja tu utaelewa bila kuelezwa na mtu.

Kwenye ripoti ya mwaka watoto hawa wameitwa watoro sugu. Na kwa kuwa kanuni yetu inasema anayekosa robo ya vipindi vya muhula anafutwa, wamefutwa. Wengine nimeendelea kuwafundisha bila majina yao kuwamo popote. Kanuni ile haikutungwa na mtu mwenye roho mbaya. Ilikuja kwenye kabrasha kama lile, ikapita katika kikao kama kile, imetungwa kwa shule zenye muhula wa kawaida na watoto wa kawaida, na hakukuwa na mtu mezani wa kusema, "Jamani, na siku za giza je?" Nina hakika kabisa kwamba mzee wa Ujiji angeisoma kwa Kiswahili, asingeipitisha.

Dawa yake haina gharama. Vipindi viongezwe siku za mbalamwezi, Jumamosi na Jumapili mchana vikiwemo, na siku za giza vipunguzwe. Mahudhurio yahesabiwe kwa mzunguko huo. Nimelijadili hili na wenzangu wa Katonga, nao wanaona vilevile. Kinachokosekana ni bodi iliyo na mtu wa kulisema.

Mfano wa pili unaniuma zaidi. Mwaka 2024 Serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Lilikuwa jambo gumu kwa familia nyingi, njaa iliingia kwenye nyumba ambazo hazikuizoea. Lakini kwa upande wetu, kwa mara ya kwanza vijana wa mwaloni walikuwa na miezi mitatu mfululizo bila kazi ya usiku. Tangazo lilikuwa limetolewa mapema, kila mvuvi alilijua. Mwezi wa Juni darasa langu lilijaa kuliko nilivyowahi kuliona, na vijana waliokuwa wakisoma kwa kusitasita walianza kusoma aya nzima bila kushikwa mkono. Kisha ikafika 30 Juni, mwaka wa fedha wa mradi ukaisha, na madarasa yakasimama kungoja fedha mpya. Vijana walikuja na madaftari yao wakakuta kufuli. Niliomba funguo ili sisi wawezeshaji tuendelee kwa kujitolea. Nikaambiwa haiwezekani bila idhini ya bodi, na bodi ingekaa Septemba. Septemba ilipofika, ziwa lilikuwa limeshafunguliwa na vijana wameshashuka majini.

Sidhani kama kuna mjumbe aliyeamua watoto wale wafungiwe nje. Hakuna aliyeambiwa, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kupita Kibirizi jioni akaona. Angekuwapo mjumbe mmoja ambaye mwanawe ni miongoni mwa wale waliorudi nyumbani na madaftari, Mwenyekiti, simu yako ingeita usiku huohuo, na kikao cha dharura kingeitwa ndani ya wiki.

Sasa tutazame viti. Wajumbe ni tisa. Wawili wanaishi Dar es Salaam. Mwanamke ni mmoja. Hakuna mzazi mwenye mtoto katika madarasa yetu, hakuna aliyewahi kusoma katika madarasa hayo, hakuna mvuvi, hakuna anayeanika dagaa wala kukamua mawese, na hao ndio watu ambao kila andiko letu la kuomba fedha linaanza kwa kuwataja. Sheria ya serikali za mitaa inataka angalau robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wawe wanawake. Kijiji cha ndani kabisa huko Uvinza kinalitimiza hilo. Sisi wa mjini, tunaojitambulisha kwa elimu ya mtoto wa kike, tuna Mama Mweka Hazina peke yake.

Na tumuulize yeye inakuwaje kuwa peke yake. Tangu Serikali iliporuhusu, Novemba 2021, wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni, wapo wanaokuja kwetu kujiandaa kabla ya kurudi. Wanakuja na watoto mgongoni. Mtoto akilia, mama anatoka nje, na kipindi kinaisha yuko nje. Mama Mweka Hazina alipendekeza itengwe fedha kidogo kwa ajili ya mlezi wa watoto hao wakati wa vipindi. Alisema, hakuna aliyemuunga mkono, likaahirishwa, na halijarudi kwenye ajenda mpaka leo.

Sidharau wasomi wala wenye nafasi. Asasi inamhitaji mhasibu, inamhitaji mwanasheria, inamhitaji mtu anayejua mlango wa kugonga pale halmashauri. Tulipoingia kwenye mgogoro wa kiwanja, ni mjumbe wetu hakimu mstaafu aliyetutoa, kwa nauli yake mwenyewe na bila kutaka kutajwa. Mama Mweka Hazina hupitia stakabadhi moja baada ya nyingine, na ofisi inajua hivyo, na ndiyo maana stakabadhi zetu zimekaa sawa. Watu kama hao wabaki. Ninachosema ni kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kwenye meza yetu hayupo hata mmoja anayeijua hii.

Katika kikao kilekile cha bajeti alialikwa mama mmoja wa Katonga, mfanyabiashara wa dagaa, mwenye watoto wawili katika darasa la jioni. Alikuja mapema kuliko wajumbe wote, amejifunga khanga mpya, amefunga biashara yake kwa siku nzima. Ajenda ya vifaa ilipofika, alinyoosha mkono akauliza kwa nini taa za sola zilizonunuliwa kwa ajili ya madarasa ya jioni zipo ofisini wakati Katonga watoto wanasomea tochi za simu. Akaambiwa kwamba mwalikwa hana nafasi ya kuuliza, swali lake litajibiwa nje ya kikao. Akashusha mkono. Nje ya kikao hakuna aliyemtafuta. Sababu ya ofisi naijua: taa zinahofiwa kuibwa, na ni hofu ya kweli. Lakini yule mama angeweza kuwatajia papo hapo nyumba tatu za Katonga ambazo zingezitunza na hakuna mwizi angezigusa. Lile lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na lilitoka kwa mtu asiye na kura.

Naomba viti vitatu kati ya tisa viwe vya watu hao: mzazi au mlezi wa mwaloni, mama wa darasa la watu wazima la Ujiji, na kijana aliyehitimu kwetu. Wachaguliwe na wenzao, mkutanoni, kwa kura, wala wasiteuliwe na ofisi, kwa sababu aliyeteuliwa na ofisi ataona haya kuihoji. Wawe na kura kamili kama ninyi. Mtu wa mwaloni akiacha kazi siku nzima anapoteza riziki ya siku hiyo, basi kikao kiwe alasiri, dagaa wakishaanuliwa, na posho iwe sawa kwa wote, anayetoka Katonga na anayetoka Dar es Salaam. Na walau kikao kimoja kwa mwaka kifanyike darasani, mkae kwenye mabenchi yetu, mwanga ukipungua muone tunavyosoma.

Kuna atakayeuliza kama watu hao wanaweza kuongoza. Wazee wenzangu mnakumbuka Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kuwa watu wazima wengi nchini hawajui kusoma wala kuandika. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, kwa hesabu za Serikali, karibu tisa kati ya kila kumi walikuwa wanajua. Kazi ile ilifanyika chini ya miembe na kwenye maghala ya vijiji, na kulikuwa na kamati za elimu ya watu wazima kuanzia ngazi za juu mpaka chini kwa wanakisomo wenyewe. Mkulima aliyekuwa akijifunza kuandika jina lake alikaa na mwalimu wake wakapanga saa ya kisomo kulingana na msimu wa kilimo. Walimu walionifundisha kazi walitoka katika kampeni ile, na jambo la kwanza waliloniambia ni kuwauliza wanafunzi saa ngapi wanaweza kuja.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, inataka kila mwaka shirika liandae taarifa ya shughuli zake na hesabu zilizokaguliwa, na taarifa hiyo ipatikane kwa umma. Kanuni za mwaka 2018 zinataka fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe hadharani. Najua ofisi inapeleka taarifa kwa Msajili kwa wakati na kwamba hesabu zetu ni safi, na ninaamini hivyo. Lakini mtu wa Kibirizi hajawahi kuziona. Kijijini, mkutano mkuu unatakiwa kuitwa angalau kila miezi mitatu, na mwenyekiti asiposoma mapato na matumizi wananchi wanamdai. Shule za msingi zinabandika ruzuku zao kwenye ubao wa matangazo. Sisi tubandike karatasi moja katika kila darasa: tulipata kiasi gani, darasa hili limetumia kiasi gani, ofisi imetumia kiasi gani. Na lile la madaftari kununuliwa kwenye duka la mjumbe, sina ushahidi wa bei mbaya, na mjumbe huyo ametusaidia kwa mikopo mara nyingi. Hata hivyo, ajenda ya ununuzi ikifika, atoke nje ya kikao, na maduka mengine mawili yaombwe bei. Itamlinda yeye kwanza, maana maneno mwaloni yameshaanza.

Katiba yetu inasema ujumbe ni miaka mitatu na unaweza kurudiwa mara moja. Wapo walioingia asasi inaanza na bado wapo. Wazee wetu, hakuna anayewafukuza. Tuwafanye walezi wa asasi, muitwe, mshauri, majina yenu yabaki kwenye barua zetu. Viti ndivyo tunavihitaji.

Ndugu Mkurugenzi, nawe najua utaisoma. Nimeiona taa ya ofisi yako ikiwaka usiku wakati ripoti ya mfadhili inadaiwa kesho yake. Unabeba peke yako mzigo ambao ni wa watu kumi. Mfadhili aliposema darasa la Ujiji lifungwe kwa sababu halina idadi ya kutosha, hukuwa na mtu wa kusimama nyuma yako, kwa sababu bodi haikujua kama darasa hilo lipo hatarini. Bodi inayosoma na kuuliza ingekuwa imemwandikia mfadhili barua kwa jina lake yenyewe, ikaeleza kwamba akina mama wale wanapungua wakati wa msimu wa mawese na kurudi baada yake. Maswali ya wajumbe yatakuchelewesha siku mbili tatu kabla ya kila kikao, nami nakuomba uyapokee.

Mwenyekiti, kikao kijacho ni cha mwezi ujao, na rasimu ya kalenda ya mwaka itakuwa mezani. Naomba barua hii iwe ajenda yenyewe, ijadiliwe kabla ya kalenda, isiachwe kwenye Mengineyo ambako watu huwa wameshasimama. Naomba siku hiyo bodi iamue walau mawili: makabrasha ya Kiswahili siku saba kabla, na tarehe ya mkutano wa kuchagua wajumbe watatu. Marekebisho ya katiba yatafuata na hakimu wetu mstaafu anajua njia yake. Kanuni ya kufuta majina isimamishwe kwanza wakati mnaijadili, kwa sababu giza la mwezi huu limeshaanza na wapo watoto ambao wakikosa wiki hii watatoka kwenye rejista.

Nakala moja nimeibandika kwenye ubao wa darasa la Kibirizi, nyingine nimempelekea Afisa Maendeleo ya Jamii wa Manispaa. Wazazi wa Kibirizi na Katonga wameomba waje kikao hicho wakae nyuma na kusikiliza. Mama wa Katonga niliyemtaja yumo, na swali lake la taa bado analo. Naomba Katibu awajibu kwa maandishi kama wamekubaliwa na waje saa ngapi, ili wanaoanika wajipange nani atabaki na dagaa.

Wenu katika kazi,

Mwalimu mstaafu na mwezeshaji wa darasa la jioni,
Kibirizi, Kigoma Ujiji